Kiboksi chekundu cha Behringer UCA222, na mzee wa redio wa Chikongola aliyeniambia kinanda changu hakiumwi

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aende zake. Kiboksi, yaani hiki cha kuingiza sauti ya kinanda kwenye kompyuta kwa USB, nakipa nne kwa tano. Mzee fundi nampa tano na chenji abaki nayo. Ule waya niliouziwa mwanzo kwenye duka moja la vifaa vya simu hapa mjini siupi kitu, sa hivi nimefungia kuku mguu.

Sasa kwa mwenye muda. Mimi nipo Mtwara, Shangani, napigia kwaya kinanda, siyo mwanamuziki wa kuishi kwa muziki, nina kazi yangu ya mchana. Kinanda changu ni Yamaha P-45, nilikinunua mtumba Dar kwa mtu aliyekuwa anahama, kikashuka na basi kimefungwa kwenye godoro la mtoto kama mgonjwa. Kwa msiokijua hiki ni kinanda cha kuanzia, kilitoka mwaka 2015, kina funguo 88 zenye uzito kama za piano ya kweli, sauti 10 tu ndani, spika mbili za wati 6 kila moja, na chote kina kilo 11.5 kwahiyo unakibeba mwenyewe ukiwa na moyo. Kwa sebuleni kinatosha na kinalia vizuri, na hapo ndo pa kuchanganyikiwa kwangu kote, maana kwa masikio kinalia vizuri ila kwenye rekodi kinalia kama mtu anagonga sufuria ndani ya kisima.

Kwanini narekodi? Korosho. Ikifika Oktoba minada inaanza, nusu ya waimba besi na tenori wako mashambani Nanyamba na Tandahimba, mazoezini anakuja mwalimu, mimi na masoprano. Ndo nikaona nirekodi kila sauti peke yake kwa kinanda, niwarushie kwenye simu, kila mtu ajifunze hukohuko kwenye mikorosho. Wazo zuri sana hilo mpaka nilipotuma la kwanza na besi mmoja akanijibu "kaka hii ni kinanda au ni king'ora?"

Lile la kwanza nilikuwa nimerekodi kwa simu, nimeiweka juu ya kinanda. Msifanye hivi jamani. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, kwahiyo ukipiga polepole inajiongezea yenyewe, ukipiga kwa nguvu inajipunguza, muziki unapumua juu chini kama mtu amekimbia, halafu zile sauti ndefu zinazofifia simu inaona ni kelele inazikata. Ongeza na mlio wa funguo zenyewe zikigonga chini, tok tok tok, maana simu imekaa kwenye kinanda kilekile inatetemeka nacho. Ongeza feni. Ongeza kunguru wa Shangani ambao hawana muda maalum wa kunyamaza. Nyumba yangu sakafu ni vigae, juu bati, pazia moja, kila noti inaenda ukutani inarudi. Mtu akaniambia tandika khanga ukutani, nikatundika khanga tano sebule ikapendeza kama ya harusi, sauti ikabaki vilevile. Khanga ni nyepesi mno. Godoro lilisaidia kidogo ila huwezi kuishi na godoro limesimama sebuleni, mke wangu alivumilia siku mbili.

Kwahiyo nikasema basi, nitoe sauti kwa waya moja kwa moja niachane na hewa. P-45 haina tundu la kutolea sauti kama vinanda vya juu yake, haina kabisa, ina tundu moja la hedifoni, lile kubwa la milimita 6.3, na tundu la USB. Hapa wengi wanaangukia pua na mimi nilianguka. Unachukua waya wa printa, unachomeka USB ya kinanda kwenye laptopu, unafungua Audacity, ile programu ya kurekodi, unapiga, kimya. Kumbe USB ya P-45 haibebi sauti hata kidogo, inabeba MIDI, yaani taarifa tu kwamba funguo fulani imebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani. Sauti lazima itengenezwe na programu nyingine kwenye kompyuta. P-125 ya mwaka 2018 ndo inapitisha sauti kwenye USB, hii yangu hapana. Wiki nzima nilikuwa nainstoli na kufuta madraiva, bando linaisha, kumbe nataka maziwa kwa ng'ombe dume.

Nikaenda duka la vifaa vya simu, nikaeleza, kijana akanipa waya upande mmoja pini kubwa upande mmoja pini ndogo, "stereo huo kaka, OG", pamoja na kale kadubwasha ka USB kenye matundu mawili, moja la hedifoni moja la maiki. Nikafika nyumbani nikachomeka, sauti ikaja. Ya kwaruzakwaruza, upande mmoja tu, na nikipiga kodi yenye noti nyingi inapasuka kama spika ya bajaji. Nikashusha voliamu ya kinanda mpaka karibu na sifuri, ikaacha kupasuka, ikaanza kuchemka shhhhh kama mafuta ya samaki. Nikarudi dukani, nikaambiwa "kinanda chako kina shida hicho, kimeingia chumvi". Na mimi naishi jirani na bahari, nikaamini.

Ndo nikajaribu kitu cha tatu, mixa ya kanisani. Nikaazima na waya mwingine mnene kwenye boksi la maiki, nikachomeka kinanda kwenye chaneli moja. Hii ndo ilinitisha zaidi maana haikuwa na kelele kabisa, ilikuwa safi, ila kinanda kimekufa. Katikati yote imepotea! Ukipiga do ya katikati unasikia mwangwi wa do bila do yenyewe, kama mtu anaongea chumba cha tatu. Nikasikilizisha watu wawili, mmoja akasema nzuri ina hewa ya kanisani. Asante sana ndugu yangu.

Hapo nikawa nimeshakubali kinanda kimekufa, nikakipakia kwenye bajaji mpaka Chikongola kwa mzee mmoja wa redio. Jina lake sitalisema, simu hapendi, ila ukifika maeneo ya soko ukauliza mzee wa redio utaonyeshwa, kibanda kina redio za zamani mpaka darini na feni zisizo na mapanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta jeneza?"

Nikamweleza yote, na chumvi nikamweleza. Hakushika bisibisi. Akaniuliza hedifoni ninayo, nikamwambia ninayo, akasema chomeka hapohapo kwenye kinanda, piga, sikiliza. Nikapiga. Ikalia safi kabisa, kushoto na kulia, besi imejaa. Akasema, "Hapo kinanda kimemaliza kazi yake. Kisiguswe. Ugonjwa uko kwenye njia."

Jamani mimi nina hedifoni mwaka wa pili na sikuwahi kufikiria hilo, na ni dakika moja tu. Tundu la hedifoni ndo hilohilo unalochomolea sauti ya kurekodi, kikilia vizuri pale maana yake kila kitu ndani ya kinanda ni kizima. Ule mkwaruzo wa mara mojamoja nikizungusha kitufe cha voliamu ndo kweli ulikuwa vumbi na unyevu wa baharini, akapuliza dawa ya kusafishia, akazungusha mara kama ishirini, ukaisha. Ila hiyo haikuwa ndo shida yenyewe.

Akaomba waya wa dukani. Akaushika pini mbele ya uso wangu. "Hesabu mistari myeusi." Mmoja. "Mstari mmoja mono. Miwili stereo. Mitatu ya simu, yenye maiki ndani yake. Huyu amekuuzia mono akakwambia stereo." Na mbaya zaidi pini ya mono ukiichomeka kwenye tundu la hedifoni la stereo ule upande wa kulia unaugusisha na waya wa kurudishia moja kwa moja, yaani unaupigisha shoti. Ndo maana nilipata upande mmoja. Alisema una bahati hujaunguza.

Kale kadubwasha nako akakaangalia kidogo tu akakarudisha. Lile tundu ni la maiki. Sauti ya maiki ni ndogo sana kwahiyo ndani kuna kikuza sauti kinaizidisha mara nyingi, wewe unakiletea sauti ya hedifoni ambayo tayari ni kubwa ya kusukuma spika ndogo, lazima ipasuke. Na ukiishusha sana huko kwenye kinanda ili isipasuke, kinachokuzwa ni makelele ya kikuzaji chenyewe, ndo yale mafuta ya samaki. Na tena hayo matundu ya maiki mengi ni mono hata ukileta waya wa dhahabu.

Ila nilichokitaka mimi ni ile ya mixa, maana waya wa mixa ulikuwa na mistari miwili, stereo kabisa, sasa kosa liko wapi? Mzee akacheka, akachukua kalamu akachora nyuma ya boksi la balbu. Tundu lile la mixa nalo linapokea nyaya tatu lakini siyo kwa kushoto na kulia. Lenyewe linategemea sauti moja imetumwa mara mbili, moja imegeuzwa juu chini, halafu likizipokea linafanya hesabu ya kutoa. Kelele zilizookotwa njiani ziko sawa kwenye nyaya zote mbili kwahiyo zinajifuta, sauti inabaki. Akili kubwa, kwa maiki. Sasa mimi nimeliletea kushoto na kulia ya kinanda, nalo bila kuuliza linatoa: kushoto toa kulia. Kila kilicho sawa pande zote mbili kinafutika, tano toa tano. Na kwenye kinanda kilichorekodiwa stereo kilicho sawa pande zote ndo mwili wenyewe wa sauti. Kinachobaki ni tofauti, mwangwi na vijisauti vya pembeni. "Umerekodi mabaki," akaniambia.

Nilikaa pale nimeduwaa, maana ile hewa ya kanisani ndo ilikuwa makapi.

Dawa yake ni waya wenye pini moja kubwa ya stereo upande wa kinanda, halafu upande wa pili unagawanyika pini mbili, kushoto peke yake na kulia peke yake, kila moja na tundu lake. Akaniuliza nitarekodia wapi, mixa siyo yangu. Yeye ndo akanitajia kwamba kuna vidude vya USB vyenye matundu ya RCA, yale mekundu na meupe kama ya deki ya zamani, ambavyo vinapokea sauti kubwa siyo ya maiki, nitafute hicho kwanza ndo nirudi achomelee waya.

Nikampigia binamu yangu Dar, akazunguka Kariakoo, akaipata UCA222 kwa 130,000. Bei ya siku hiyo na ya binamu yangu, kwenu inaweza kuwa nyingine. Ikaja na basi ikafika kesho yake, safari hii barabara ilikuwa na adabu, siyo kama 2024 kimbunga Hidaya kilipokata Somanga mizigo ikalala njiani huko. Mzee akanitengenezea waya wa mita mbili kwa 8,000, pini za chuma siyo za plastiki, risasi amepiga safi, na akaupima kwa testa mbele yangu kabla hajanipa.

Haya, kiboksi chenyewe. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, chekundu, kinakula umeme wa USB hakina adapta. Kina matundu mawili ya RCA ya kuingiza, mawili ya kutoa, tundu la kutolea sauti kwa waya wa mwanga ambalo silitumii, tundu la hedifoni na kigurudumu chake cha voliamu, na kiswichi kimoja kimeandikwa monitor. Basi. Hicho kiswichi ndo raha yenyewe, kwasababu ukichomeka waya kwenye P-45 spika zake zinanyamaza, ungepiga bila kujisikia. Ukiwasha kiswichi unasikia kinanda kwenye hedifoni za kiboksi papohapo bila kupitia kompyuta, hakuna kuchelewa. Ila kwenye Audacity zima ile ya kusikiliza wakati unarekodi, la sivyo unajisikia mara mbili, ya kwanza na ya pili inafuata nyuma kama mtoto anamwigiza baba yake.

Rekodi ya kwanza ikatoka mono. Nusura nilie. Nikajua mzee kanifanyia waya mbovu, nikabadilisha pini, wapi. Kumbe ni Windows. Kiboksi kikichomekwa kompyuta inakiita USB Audio CODEC na inakichukulia kama maiki, na maiki kwake ni chaneli moja. Inabidi uingie kwenye mipangilio ya sauti, sehemu ya vifaa vya kurekodia, ukifungue, uchague chaneli 2, biti 16, na 44,100 au 48,000 (ndo mara ngapi kwa sekunde sauti inapimwa, kila kipimo kinaitwa sampuli), halafu uzime mbwembwe zote za kuboresha sauti wanazoweka wao. Halafu na Audacity nayo uiambie stereo. Nimeandika hapa kwa sentensi tatu, mimi ilinichukua jioni mbili na TANESCO wakakata mara moja katikati.

Jambo jingine, hiki kiboksi hakina kitufe cha geini. Cha kuongeza na kupunguza ni voliamu ya kinanda chenyewe. Watu wanalalamikia hilo, mimi naona sawa tu ukishajua. Naweka voliamu ya P-45 kama robo tatu, napiga ile sehemu yenye kelele kuliko zote kwenye wimbo, siyo ya mwanzo ya upole, naangalia mstari wa Audacity usipite desibeli hasi 6. Ukigusa sifuri imepasuka na hairudi ilivyokuwa, hata programu za kurekebisha zinakisia tu. Ila na chini mno usiende kwasababu hiki ni cha biti 16, ukirekodi kimyakimya ukaja kuikuza baadaye unakuza na mchemko. Nikishapata pazuri nimebandika kipande cha plasta kwenye kitufe cha voliamu, mtoto akigusa najua.

Sasa mvumo. Rekodi ikawa stereo, safi, kinanda ni kinanda, ila chini yake kuna vuuuuu haliishi. Umeme wetu ni herzi 50 na ndo sauti yenyewe hiyo unayoisikia, pamoja na wajukuu zake 100 na kuendelea. Nikajaribu kuhamisha waya, nikabadilisha soketi, nikaweka kila kitu kwenye ekstensheni moja, likapungua kidogo. Halafu siku hiyo nagusa laptopu ikiwa kwenye chaji nikahisi inanitekenya mkono, kale katetemo ka mbali. Nikachomoa chaja, vuuu likakata kama limechinjwa.

Nikampelekea mzee hiyo kama swali, akasema umejijibu. Chaja inavujisha kaumeme kadogo, ka kawaida, kazi ya waya wa ethi ni kukapeleka ardhini. Kama soketi yako ile pini ya tatu imewekwa mapambo tu, kanatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni ngao ya waya wako wa sauti kuelekea kwenye kinanda. Akaniuliza nyumba imefanyiwa waya na nani, nikamwambia nimepanga, akaguna. Kuna kijana mmoja kwenye kibanda akadakia "kata ile pini ya ethi mvumo unaisha", mzee alimgeukia vibaya sana. Hiyo msifanye hata mkiona video, pini ya ethi ndo inayokuokoa siku kifaa kikileta shoti kwenye bodi. Kuna vitrafo vidogo unaviweka katikati ya waya wa sauti vinakata mvumo, anavyo, ila alisema mwenyewe vya bei chee vinakula besi, usichukue kwanza. Mimi narekodi kwa betri. Laptopu yangu inashika dakika 40, nyimbo za kwaya haziendi zaidi ya dakika tano, mbona natosha. Mwenye nyumba nimeshamwambia kuhusu ethi, amesema ataangalia. Ndo hivyo.

Na P-45 nayo ina tabia ya kujizima yenyewe ukiiacha nusu saa bila kuigusa. Siyo ubovu, imewekwa hivyo kiwandani. Mara ya kwanza nilikimbia kuangalia adapta.

Vijipasuko vya tik tik kwenye rekodi, kama vinakuja bila mpangilio hata ukipiga taratibu, hiyo mara nyingi ni bafa ndogo, yaani kile kifungu cha sauti kompyuta inachokipokea kwa mkupuo mmoja, kompyuta haiwahi. Bafa ya sampuli 128 kwenye 44,100 inampa kompyuta kama milisekunde 3 tu kumaliza kazi, laptopu yangu ni ya kizee, nimempa 512 ambayo ni kama 12, amenyamaza. Kwakuwa najisikiliza kupitia kiswichi cha kiboksi hata ikichelewa hainihusu. Na zima wifi unaporekodi, na hiyo tovuti ya mpira.

Halafu hii ya 44,100 na 48,000 nilizani ni mambo ya mainjinia. Siku moja nimerekodi wimbo kwenye F kwa 44,100, wakati wa kupanga traki kwenye Audacity nikagusa menyu ya traki pale kwenye Rate nikaweka 48,000 nikidhani naongeza ubora. Haiongezi ubora, inaharakisha tu. Wimbo ukapanda karibu nusutoni moja na nusu, ukawa haupo F#, haupo G, upo katikati barabarani, na umekuwa na haraka kidogo. Nikawatumia hivyohivyo. Jumapili masoprano wamejifunza juu, mimi nimekaa F yangu, mwalimu wa kwaya aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Kwahiyo chagua moja, iwe hiyohiyo kwenye Windows, kwenye Audacity, na kwenye faili la mwisho, usibadilishe njiani. Kama ni lazima kubadilisha tumia ile amri ya kubadili sampuli, siyo menyu ya traki.

Na ukishamaliza yote haya usiharibu mlangoni. Usicheze kwenye spika ukarekodi voisi noti ya WhatsApp, kazi yote inarudi kuwa simu juu ya kinanda. Toa mp3, itume kama dokumenti siyo kama voisi, inafika kama ilivyo.

Kwanini kiboksi sijakipa tano? Hakina tundu la maiki, wala umeme wa kuendeshea maiki za kondensa. Sasa masoprano wameshasikia kinanda kizuri wanataka na wao warekodiwe waimbe juu yake, na hapo UCA222 haitusaidii, itabidi kitu kingine chenye kikuza maiki na hicho bei yake ni hadithi nyingine. Pia kwenye simu, kwa OTG, ule waya wa kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu, simu ya mdogo wangu imekikubali mara moja, yangu imekataa katakata, kwahiyo ukipanga kurekodi kwa simu jaribu kabla hujalipa. Ila kama wewe ni mtu wa kinanda tu, P-45 au chochote chenye tundu la hedifoni peke yake, na kompyuta ya kawaida, mimi sioni sababu ya kutumia zaidi ya hapo.

Mzee anapatikana asubuhi mpaka adhuhuri, mchana anaenda kula na kulala, alasiri anarudi akipenda. Simu hapokei. Chukua hedifoni zako na waya wako wote unaoutumia, kinanda kiache nyumbani, mimi bajaji ilinila 6,000 kwenda na kurudi kwa kitu ambacho hakikufunguliwa hata skrubu moja.